Kabla ya kununua nyumba katika jengo la kale

MNUNUZI wa ploti Kona Baridi au Kitengela hupata hati ya ardhi yenye mipaka anayoweza kuikagua kwa miguu. Je, anayenunua nyumba iliyo orofa ya juu katika jengo la kale jijini Nairobi hununua nini hasa?

Awali, wanunuzi wengi wa nyumba za orofa walipewa mkataba wa ukodishaji wa miaka mingi, huku hati ya ardhi ikisalia kwa mwenye jengo. Jengo likiwekwa rehani, mnunuzi naye alikuwa hatarini. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, humpa kila mnunuzi hati ya nyumba yake, pamoja na fungu katika mali ya wote kama vile ngazi na paa.

Aidha, ikiwa jengo linalindwa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, mwenye nyumba hawezi kulibadilisha apendavyo bila idhini.

Basi anayekusudia kuuza ploti ili ahamie mjini na atangulie kumwona wakili, na rekodi za jengo zichunguzwe katika afisi ya ardhi kabla hajalipa chochote.