Historia na Ubunifu katika Manga: Mfano wa "Berusaiyu no Bara"

Msomaji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, anapokabili kazi yenye misingi ya kihistoria huwa na matarajio mawili yanayogongana: anataka ukweli, na anataka kusisimuliwa. Mgongano huo unajitokeza waziwazi katika "Berusaiyu no Bara" ya Riyoko Ikeda, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la Margaret kati ya 1972 na 1973, na ambayo chimbuko lake ni wasifu wa Marie Antoinette ulioandikwa na Stefan Zweig mwaka 1932.

Mwanahistoria hakosi la kulalamikia. Oscar, mwanamke aliyelelewa kiume akawa afisa wa kulinda kasri, hakuwahi kuishi, ingawa Jenerali Jarjayes anayesawiriwa kuwa baba yake aliishi kweli. Sare yake nayo ni ya enzi ya Napoleon. Hilo ni dogo (vifungo havibadili maana). Linaloudhi zaidi ni kwamba Oscar akishauawa Bastille, tarehe 14 Julai 1789, msuko unakimbizwa. Miaka minne ya mateso ya malkia, hadi alipokatwa kichwa mwezi Oktoba 1793, inapitiwa upesi mno.

Hata hivyo, ni mhusika huyo wa kubuni anayeipa kazi uhai. Siku ile askari wengi wa kikosi cha Gardes Françaises waliungana kweli na raia. Historia yatoa tukio. Oscar, akiwaongoza, anadhihirisha gharama ya uamuzi huo kwa mtu wa tabaka la makabaila. Fersen, Mswidi halisi aliyempenda malkia, asingeweza kulibeba jukumu hilo, kwani nchi iliyokuwa ikipinduliwa haikuwa yake.