Mzee wa Mombo, Datsun ya Safari Rally na mkono uliogoma

KAMA wewe ni mtu wa soka tupu, leo nivumilie. Hapa hakuna msimamo wa ligi, hakuna nani anatua Msimbazi wala nani anafungashiwa virago Jangwani. Leo kuna gari.

Gari lenyewe lina urefu wa sentimita 17, ni la plastiki, na limenichukua wikiendi sita za kwenda na kurudi Mombo, mkoani Tanga. Kwa wikiendi hizo sita nimekosa mechi ambazo kwa kawaida ningekuwa jukwaa la waandishi na daftari langu. Mhariri alinuna kidogo. Nikamwambia nitamletea stori. Stori ndiyo hii.

Baba yangu mkubwa ni fundi magari. Zaidi ya miaka 40 gereji yake ilikuwa kando ya barabara kuu, pale Mombo unapokata kona kupanda Lushoto. Ni Coastal Union wa kufa mtu. Ukikaa naye dakika kumi lazima akupeleke mwaka 1988, Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa Bara, na atakusimulia kana kwamba ni jana.

Mwaka jana akapata kiharusi. Mdomo ulirudi sawa, mguu ukarudi, ila mkono wa kulia ukagoma. Vidole vilifunga lakini havikubana kitu. Kijiko kikidondoka anakitazama tu, haokoti.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kazi ya nyumbani: kuminya mpira laini, kufunga vifungo vya shati, na kuokota maharage moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile. Mpira aliminya siku mbili. Maharage hakugusa kabisa.

"Nimeshusha gearbox za malori kwa mkono huu," aliniambia. "Leo nikae barazani nichambue maharage kama nasubiri kupikiwa?"

Mama mkubwa alikuwa amechoka kubembeleza. Akanivuta pembeni: "Baba yako huyu anakusikiliza wewe. Tafuta namna."

GARI JEKUNDU, BONETI JEUSI

Namna niliyoipata ilitoka kwenye stori yake mwenyewe. Tangu nikiwa mdogo nimeisikia mara mia. Alikuwa bado shule ya msingi, yeye na wenzake wakakaa kando ya njia tangu alfajiri kusubiri magari ya Safari. Likapita gari jekundu lenye boneti jeusi. Datsun. Likawaachia vumbi mpaka meno. Siku hiyo, anasema, ndipo alipojua atakuwa fundi.

Kwa vijana wenzangu ambao Safari Rally wanaijua kwa Naivasha tu, twende taratibu. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakawa East African Safari. Madereva walivuka mipaka, wakapita mteremko wa Mbulu na milima ya Usambara, kwenye barabara zilezile ambazo mabasi na ng'ombe walikuwa wanazitumia. Mvua ikinyesha ni tope, isiponyesha ni vumbi. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba.

Datsun walijenga jina hapa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wawili haohao wakashinda tena, safari hii na Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe na 240Z baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström. Ikaangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza pointi, Mehta akapewa. Nyie mnaogombana kuhusu tofauti ya mabao na matokeo ya wao kwa wao, mjue wenzenu walishayapitia. Mehta baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha tano.

Kampuni ya Hasegawa ya Japani inauza ile 240Z ya 1971 kama modeli ya kuunganisha, kipimo cha 1 kwa 24. Nikaagiza kupitia jamaa mmoja anayeleta mizigo. Bei yake ingetosha jezi mbili orijino na chenji ya chipsi. Nikapanda basi la Tanga, boksi nimelipakata kama mtoto.

USAJILI ULIOFELI

Nilimwamkia, nikaliweka boksi mezani. Baba mkubwa akavaa miwani, akalitazama lile picha la juu muda mrefu.

"Siyo hii."

"Shikamoo tena, Baba mkubwa. Kivipi siyo hii?"

"Ile ilikuwa na milango minne. Hii ni ya milango miwili. Ulinisikiliza lini wewe?"

Nilijisikia kama kiongozi wa klabu aliyempokea straika uwanja wa ndege kwa mbwembwe, kumbe anacheza beki wa kushoto. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza milango. Gari jekundu, boneti jeusi, Datsun, akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye 240Z kwa sababu ndiyo maarufu. Mwaka haukumbuki, lakini kwa milango minne inawezekana kabisa aliona 1600 SSS.

Akalisogeza boksi. Nikadhani ndiyo basi, yameisha kama maharage. Lakini ufundi haumwachi mtu. Akafungua, akachungulia zile fremu za plastiki zenye vipande vimeshikana kama matunda kwenye kijiti. Akatafuta, akageuza, akatafuta tena.

"Injini iko wapi?"

Haipo. Modeli nyingi za Kijapani za kipimo hiki unapata bodi, siti, dashibodi, shokapu na matairi, ila chini ya boneti ni hewa. Wamarekani ndio wenye mapenzi na injini. AMT walianza 1948 kule Detroit kwa kutengeneza vigari vya matangazo vya wauza magari, na mwaka 1958 wakatoa seti ambazo boksi moja unaweza kulijenga kwa namna tatu: gari la kawaida, lililopambwa, au la mashindano. Kuanzia hapo Mustang, Camaro, Charger na yale magari yote ya kifua kipana yamepita kwenye maboksi ya AMT, Revell na Monogram, mengi yakiwa na injini unayoijenga kipande kwa kipande.

Nikamweleza yote hayo. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Gari bila injini ni kabati," akasema. Kisha akaongeza: "Haya, lete plaizi tulijenge kabati lako."

KAZI INAANZA

Kazi yenyewe haina miujiza ila inataka subira. Kwanza vipande vyote unavikosha kwa maji na sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta yanayofanya rangi isishike. Unakata kipande kwenye fremu, unaacha kidogo, unakisugua kwa msasa laini. Gundi yake si ya kubandika, ni ya kuyeyusha: unaweka tone, plastiki mbili zinalainika na kuwa kitu kimoja. Ukiweka nyingi umeharibu, hakuna kurudi nyuma.

Tuligawana majukumu. Mimi kusoma maelekezo na kukata. Yeye kushika. Ndiyo kazi niliyompa, kushika tu. Gundi inataka kipande kibanwe kimetulia kwa sekunde kadhaa, na nilihakikisha kila kipande kinakaa upande wake wa kulia.

Wikiendi ya kwanza siti ya dereva ilidondoka mara tisa. Nilihesabu. Mara ya sita aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mchezaji wake aliyekosa penalti. Mara ya tisa alisimama, akaenda ndani, hakurudi. Nikarudi Dar usiku nikiwa na uhakika nimemuumiza zaidi.

Jumatano akanipigia. "Nimeibana ile siti. Kwa kibanio cha nguo na kidole gumba. Njoo na msasa mwingine, huu umeisha."

KOSA LANGU

Wikiendi ya tatu ilikuwa ya rangi, na hapa niseme ukweli, mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kupuliza, aina ya kupakia magari. Baba mkubwa aliniambia praima kwanza, kisha nyekundu nyepesi nyepesi, kila koti likauke. Mimi nilikuwa nawahi basi. Nikapuliza koti moja zito.

Rangi ikatiririka mlangoni. Kwenye kipimo cha 1 kwa 24, mchirizi wa milimita mbili ni sawa na karibu sentimita tano kwenye gari halisi. Ukilitazama unaona gari linalia.

Sikumwona amekasirika. Alinyamaza, kisha akasema lisiguswe wiki nzima. Niliporudi, mlango ulikuwa umesuguliwa laini, mchirizi hakuna. Mama mkubwa akaninong'oneza kwamba alikuwa anakaa barazani kila jioni na kipande cha msasa na maji, kwa mkono wa kulia, mpaka adhana ya magharibi. Maharage yalikuwa bado kwenye bakuli, safi, hayajaguswa.

Boneti tulilipaka jeusi lisilong'aa. Hilo si urembo. Magari mengi ya rali yalipakwa hivyo ili jua lisimpige dereva machoni likirudi kwenye bati. Yeye alilijua tangu utoto, hakuhitaji karatasi ya maelekezo.

NAMBA 11

Kipande kigumu kuliko vyote ni stika za maji. Unakata stika, unaiweka kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, inateleza kutoka kwenye karatasi yake, unaihamishia kwenye bodi kwa kibano. Ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ikijikunja, imekwenda. Seti moja haina akiba.

Zilipobaki namba za milangoni, 11 huku na 11 kule, nikasema ya kwanza naweka mimi. Nikaiweka. Ikakaa upande kidogo, si vibaya. Nikachukua kibano kwa ajili ya ya pili. Akanyoosha mkono.

Sikutaka kumpa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliwaza bei ya boksi, nikawaza wikiendi zilizopita, nikawaza uso wake ule wa siti kudondoka mara tisa. Lakini mtu mzima akinyoosha mkono hivyo, unamnyimaje?

Kibano kilitetemeka. Stika ikagusa mlango, ikakunjika kona. Hakuivuta. Akaomba brashi yenye maji, akadondoshea tone, kona ikafunguka yenyewe. Akaisogeza kidogo kidogo mpaka katikati. Sijui ilichukua muda gani, ila chai yangu ilipoa. Ukiliangalia gari leo, namba iliyonyooka ni ya upande wake.

VUMBI LA MOMBO

Nilidhani tumemaliza. Gari linang'aa, nikatoa simu nipige picha. Akanizuia.

"Hili halijashindana na mtu."

Akamtuma mjukuu achote udongo mwekundu nyuma ya gereji. Tukauchekecha kwa kipande cha soksi ndefu mpaka ukawa kama unga. Akauchovya kwa brashi kavu, akaanza kupaka chini ya milango, nyuma ya matairi, juu ya bampa. Kioo cha mbele akaacha nusu duara mbili safi, pale wipa zinapopita. Hapo hakuwa mgonjwa wala mzee. Alikuwa yule mtoto wa kando ya njia mwenye vumbi kwenye meno.

Sasa msije mkaniambia nimeandika kwamba modeli inatibu kiharusi. Sijasema hivyo. Bado anakwenda kliniki, bado anameza dawa za presha, na chai bado anaimwaga ikiwa kikombe kimejaa. Mtaalamu wake alipoliona gari alicheka, akamwambia aendelee, lakini asiache vifungo vya shati. Anavifunga sasa. Vya juu viwili bado vinamshinda.

Datsun ipo juu ya televisheni, chini ya kalenda yenye ratiba ya Coastal Union aliyoiandika mwenyewe. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kituoni, jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Hasegawa wana Bluebird 1600 SSS pia, ya milango minne, na nimeshamwagiza yule jamaa wa mizigo.

"Muulize kama ina injini," Baba mkubwa akapaza sauti basi likiondoka.

Haina. Sijamwambia bado.