Nishati ya Bahari: Nani Hulipa Kabla Umeme Haujapatikana?

Mtahiniwa, kabla ya kusoma zaidi, omba simu ya mzazi au mlezi wako ufungue ujumbe wa mwisho wa LUKU. Pamoja na tokeni utakuta makato: kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 1 ya EWURA, na asilimia 3 ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Maana yake ni kwamba katika umeme wa shilingi 10,000 kabla ya kodi, shilingi 300 zinakwenda kugharimia nguzo na nyaya za mtu usiyemjua, katika kijiji ambacho huenda hutakifika. Mama anayenunua umeme hapa Engutoto ni mfadhili wa nishati, hata kama hajawahi kujiita hivyo.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha nne swali hili: "Jadili umuhimu wa serikali kuendeleza nishati ya bahari." Wengi walirudia hoja moja kwa maneno tofauti: serikali itoe fedha. Nilipowauliza itoe kwa nani, kwa kazi gani, kwa muda gani, na hasara ikitokea nani ataulizwa, darasa lilikaa kimya. Majibu ya maswali hayo ndiyo hoja za insha. Makala haya yanakupa maarifa ya kuyajibu.

1. Kisiwa kilichozungukwa na nishati

Tuanze na Zanzibar. Tangu mwaka 1980, Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Hitilafu nyingine ilitokea Desemba 2009, na safari hii umeme haukurudi hadi Machi 2010. Hoteli ziliendeshwa kwa jenereta, pampu za maji zilisimama, na wanafunzi walisoma kwa taa za mafuta. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010 kwa msaada wa Norwe. Unguja nayo ilipata waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani.

Msomaji makini atauliza: kisiwa kilichozungukwa na maji yanayosukumwa usiku na mchana, kwa nini kinasubiri umeme kutoka ng'ambo? Jibu fupi ni kwamba kuwa na nishati ni jambo moja, na kuwa na teknolojia ya kuivuna kwa bei inayolipika ni jambo jingine. Kati ya mambo hayo mawili kuna gharama kubwa ambayo mtu mmoja mmoja hawezi kuibeba.

2. Nishati ya bahari hupatikanaje?

Kuna njia kuu nne.

(a) Kujaa na kupwa kwa maji. Bwawa hujengwa kwenye mlango wa mto au ghuba. Maji yakijaa hufungiwa ndani. Yakipwa nje, yale ya ndani huachiwa yapite kwenye mitambo. Kituo cha La Rance nchini Ufaransa, chenye megawati 240, kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1966. Pale tofauti ya maji kujaa na kupwa ni takriban mita 8 kwa wastani. Kwetu, hata wakati wa bamvua, tofauti hukaribia mita 4 tu. Nishati ya bwawa la namna hii hutegemea kipeo cha pili cha kimo, hivyo nusu ya kimo hutoa robo tu ya nishati kwa eneo lilelile. Ndiyo maana hatuwezi kunakili La Rance na kuipeleka Tanga.

(b) Mikondo ya maji. Mitambo inayofanana na feni huwekwa chini ya maji, na mkondo huizungusha. Kasi ya mkondo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa hiyo kupima mkondo ni kazi ya lazima kabla ya kununua hata msumari.

(c) Mawimbi. Chombo kinachoelea hupanda na kushuka, na mwendo huo hugeuzwa kuwa umeme.

(d) Joto la bahari. Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya kina kirefu hutumika kuendesha mtambo. Tofauti inayohitajika ni takriban nyuzi 20 za Selsiasi, na hupatikana zaidi katika bahari za ukanda wa joto kama yetu.

Faida kubwa ya kujaa na kupwa ni kwamba kunatabirika. Mvuvi wa Tanga anajua siku za bamvua na siku za maji mafu bila kuuliza mtabiri wa hali ya hewa, kwa sababu hufuata mwezi. Mvua za mabwawa yetu hazina ahadi kama hiyo.

3. Kwa nini mfanyabiashara haanzi peke yake?

Sababu ya kwanza ni ukali wa bahari yenyewe. Chumvi hula chuma, viumbe hunata kwenye mitambo, na fundi hawezi kwenda kurekebisha mpaka bahari itulie.

Sababu ya pili ni muda. Benki hutaka marejesho kuanzia miaka ya mwanzo, wakati teknolojia changa huweza kuchukua miaka 20 kabla ya kuuza umeme wa kutosha.

Sababu ya tatu ndiyo watahiniwa wengi huisahau. Anayetangulia hulipia makosa yote, lakini mafunzo ya makosa hayo huenda kwa kila anayefuata. Kampuni ya kwanza ikigundua kwamba mtambo wa aina fulani huvunjika, kampuni ya pili huepuka kosa hilo bure. Kwa kuwa faida ya ujuzi ni ya wengi, kila mmoja husubiri mwenzake atangulie, na mwishowe hakuna anayetangulia. Hapo ndipo fedha za umma zina kazi: kulipia ujuzi ambao utakuwa mali ya wote.

4. Ngazi ya msaada wa serikali

Usiandike "serikali itoe fedha" ukaishia hapo. Onyesha kwamba kila hatua ina msaada wake.

Hatua ya kwanza ni utafiti. Serikali hutoa ruzuku kwa vyuo na taasisi kupima mikondo, kina na mawimbi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya hatua zinazofuata.

Hatua ya pili ni majaribio. Mwaka 2003, katika visiwa vya Orkney nchini Scotland, kilianzishwa kwa fedha za umma kituo cha kujaribia mitambo ya mawimbi na mikondo. Kampuni huleta mtambo wake na kukuta sehemu iliyokwisha kupimwa, yenye waya uliofika kwenye gridi. Kituo kimoja cha pamoja kimeziepusha kampuni nyingi na gharama ya kujijengea kila moja chake.

Hatua ya tatu ni soko. Katika mnada wa mwaka 2022, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa mwaka kwa ajili ya umeme wa mikondo pekee. Miradi minne yenye jumla ya takriban megawati 41 ilipata mikataba ya miaka 15 kwa bei ya pauni 178.54 kwa kila megawati-saa. Katika mnada huohuo, upepo wa baharini ulipata bei ya pauni 37.35. Mikondo ilikuwa ghali karibu mara tano, na bila fungu lake la pekee isingeshinda. Upepo nao ulianza ukiwa ghali, ukabebwa kwa miaka mingi mpaka ukaweza kujitegemea.

Hatua ya nne ni sheria na mafunzo. Mwekezaji anahitaji kujua atapata wapi kibali, wavuvi watalindwaje, na mafundi watatoka wapi.

5. Fedha za umma zikipotea

Insha nzuri haifichi upande wa pili. Kampuni ya Pelamis ya Scotland ilitengeneza mitambo ya mawimbi yenye umbo la nyoka mrefu. Mitatu iliwekwa katika bahari ya Ureno mwaka 2008, ikaondolewa baada ya miezi michache. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilishindwa kujiendesha, na mahali pake pa kazi pakakosa mwenyewe.

Je, yote yalipotea? Serikali ya Scotland iliunda chombo cha umma cha kuendeleza nishati ya mawimbi, na chombo hicho kikanunua michoro na haki za ujuzi wa Pelamis ili wengine waweze kujifunza. Mafunzo ni mawili. Kwanza, msaada wa serikali si dhamana ya mafanikio. Pili, anayetoa fedha za umma aweke sharti tangu mwanzo kwamba ujuzi utakaopatikana ubaki hata kampuni ikifa. Bila sharti hilo, wananchi hubaki na deni na chuma chenye kutu.

6. Tanzania na majirani: zana zilezile, kazi nyingine

Gridi yetu bado haipokei umeme wa bahari, lakini zana za sera tulizozieleza tayari tunazitumia kwingine. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda REA pamoja na Mfuko wa Nishati Vijijini. Asilimia 3 ya LUKU ni matokeo yake. Vijiji vingi visingemvutia mfanyabiashara kwa sababu nyumba ni chache na zimetawanyika. Mfuko ukabeba gharama ya mwanzo. Haba na haba hujaza kibaba.

Jotoardhi ni mfano wa karibu zaidi na bahari, kwa sababu nayo huanza na gharama kubwa isiyo na uhakika: unachimba kisima kirefu bila kujua kama utapata mvuke. Kenya ilichimba visima vyake vya kwanza Olkaria katika miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha mwaka 1981. Karibu miaka 25 ilipita kabla taa moja haijawaka. Mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma ya kubeba hatari ya uchimbaji, na leo mitambo yake ya jotoardhi ina uwezo unaozidi megawati 900. Tanzania iliunda kampuni yake ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013, na kazi ya utafiti imefanyika katika maeneo kama Ngozi mkoani Mbeya. Methali inasema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sera inayobadilika kila baada ya miaka michache huvua nguo na kurudi nyumbani bila kuoga.

Kuhusu mafunzo, hatuna haja ya kwenda mbali. Maji ya mito ya Mlima Meru na Kilimanjaro hukutana katika mto Kikuletwa. Hapo, kwenye eneo la kituo cha zamani cha umeme wa maji, Chuo cha Ufundi Arusha kina kampasi ya mafunzo na utafiti wa nishati jadidifu, iliyojengwa chini ya mpango wa EASTRIP kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo huo utalipwa na umma, ukiwemo wewe. Anayejifunza pale namna maji yanavyozungusha mtambo amepiga hatua ya kwanza kuelekea mitambo ya baharini.

7. Msimamo wa kutetea

Mpinzani atasema: bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, jua tunalo, na bado zipo kaya zinazopikia kuni, kwa nini tupeleke fedha baharini? Hoja hiyo ina nguvu. Usiipuuze, ijibu.

Jibu langu ni kwamba Tanzania haina sababu ya kujenga kituo kikubwa cha bahari leo kwa fedha zake. Ina sababu ya kulipia ngazi za chini zisizo ghali: kupima mikondo kati ya visiwa na bara, kutunza takwimu mikononi mwa umma, kuandaa sheria za vibali, na kusomesha mafundi. Siku teknolojia itakaposhuka bei, nchi yenye vipimo vyake itajadiliana na mwekezaji ikiwa na karatasi mkononi. Isiyo navyo itasaini atakacholetewa.

Unaweza kuwa na msimamo tofauti na huu. Msahihishaji hatafuti msimamo wake katika insha yako. Anatafuta hoja inayoshikana na mfano wake.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini teknolojia ya La Rance haiwezi kuhamishiwa pwani ya Tanzania kama ilivyo. (Dokezo: tumia kimo cha maji na kipeo cha pili.)

2. Taja hatua nne za msaada wa serikali, na kwa kila hatua toa mfano mmoja.

3. "Kampuni ya Pelamis ilithibitisha kwamba fedha za umma hupotea bure." Jadili.

4. Fupisha sehemu ya 6 kwa maneno yasiyozidi 80.

5. Andika insha ya hoja yenye kichwa: "Asilimia tatu ya LUKU ni haki au mzigo?" Kabla ya kuanza, muulize anayenunua umeme nyumbani kwenu kama anajua fedha hiyo inakwenda wapi. Jibu lake linaweza kuwa utangulizi wa insha yako.