Kwa Nini Plastiki Huukataa Mti wa Pamba

Pamba ikishavunwa, mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hubakiwa na kazi moja: kung'oa miti ya pamba na kuichoma. Funza hujificha kwenye masalia, na yakiachwa shambani wadudu huvuka hadi msimu unaofuata. Lakini mkoa huo wa Simiyu ni kinara wa pamba nchini Tanzania, na kila mwaka moto huo huteketeza selulosi nyingi, malighafi ambayo kwingineko viwanda huichanganya na plastiki.

Uchanganyaji huo una zaidi ya karne. Bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ilitiwa unga wa mbao ili isivunjike ovyo. Baadaye watengenezaji wa magari walitia katani kwenye paneli za milango. Sababu mojawapo ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya selulosi ina gramu 1.5 hivi, ilhali ya nyuzi za kioo, zinazotumika kwa kazi hiyo hiyo, ina gramu 2.5.

Kwa nini basi tusisage miti ya pamba na kuimwaga kwenye plastiki iliyoyeyushwa? Kwa sababu selulosi hupenda maji na polipropilini, plastiki ya viti na ndoo, huyakataa. Zikikutanishwa, chembe za mti hujikusanya mabonge mabonge, na kandokando yake hubaki mianya isiyoonekana kwa macho. Mtu akikikalia kiti cha namna hiyo, uzito hauhami kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye nyuzi. Ufa huanzia hapo.

Wanakemia hutumia mshenga: polipropilini iliyopandikizwa anihaidridi ya maleiki. Upande mmoja hufungamana na selulosi, na mkia wake mrefu hujisokota ndani ya plastiki. Asilimia chache tu za kiungo hiki hutosha kuongeza uimara. Njia nyingine ni kuosha nyuzi kwa soda kali, ili nta na uchafu viondoke na uso wake uwe wa kukwaruza.

Joto nalo halina huruma. Polipropilini huyeyuka karibu na sentigredi 165, ilhali mmea huanza kuharibika joto linapozidi 200. Fundi ana nafasi finyu. Na unyevu ukibaki ndani ya vipande vya mti, hugeuka mvuke na kuacha mapovu kwenye bidhaa, kwa hiyo ukaushaji hautaki mzaha.

Hata sehemu za mti hazilingani. Gome lina nyuzi ndefu, zinazobeba mzigo. Sehemu ya ndani ikisagwa kuwa unga huongeza ugumu zaidi kuliko nguvu, na kiini chake laini hunywa maji. Mchanganyiko huo unafaa benchi au mbao za uzio kuliko bomba la maji. Wala tusijidanganye kwamba utaoza: mmea huliwa na vijidudu, plastiki hubaki.

India tayari hutengeneza mbao za chembe kwa miti ya pamba, na funzo lake kwa Simiyu ni la mpangilio. Marundo ya miti yakisubiri kiwanda huwa makazi mapya ya funza. Kwa hiyo mashine ya kukatakata inapaswa kuwa karibu na shamba, ifanye kazi mara baada ya mavuno, na vipande vikaushwe kabla ya kusafirishwa. Mkulima ataacha kiberiti pale tu atakapohakikishiwa kwamba njia mpya inaua wadudu kama moto, na inamlipa.