Sensa ya oksijeni: kuingia siyo kufanya kazi

Tuseme una Toyota IST ya mwaka 2004. Taa ya njano ya injini imewaka, mafuta yanaisha haraka, na fundi aliyepima kwa mashine kakwambia: "Oksijeni sensa imekufa, nenda Kariakoo katafute nyingine." Unafika Gerezani, muuzaji anakuwekea tatu mezani. Zote zina waya nne, zote nyuzi za kufungia ni zilezile. "Bosi, hii inaingia Toyota zote." Hapo ndipo hela nyingi zinapotea.

Tuanze na kazi yake. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo 1 inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Sensa imefungwa kwenye bomba la ekzosi ili kupima kama kuna oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia: upande mmoja unagusa moshi, wa pili unagusa hewa ya nje. Ikishapata moto wa kama nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazalisha umeme kidogo. Oksijeni ikiwa kidogo kwenye moshi, utapata karibu volti 0.9. Ikiwa nyingi, karibu volti 0.1. Kompyuta ya gari inasoma hilo na kupunguza au kuongeza mafuta. Teknolojia hii ya Bosch iliingia barabarani kwa mara ya kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976.

Kabla hujatoa hela, uliza: kweli imekufa? Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Kodi P0171 inamaanisha hewa imezidi mafuta. Huenda sensa inasema kweli, na tatizo ni mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia na kuidanganya. Kodi P0135 inahusu hita ya sensa, kwa hiyo kagua kwanza fyuzi na waya.

Ukishahakikisha ni yenyewe, angalia mambo manne.

La kwanza ni aina. Mbali na sensa ya kawaida ya oksijeni, kuna ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho ni mapacha, ila zinazungumza lugha tofauti na kompyuta. Kwa Toyota, namba ya spea ya ile ya kawaida huanza na 89465, na ya uwiano huanza na 89467. Ukifunga moja mahali pa nyingine, gari litaendelea kusumbua hata kama spea ni mpya kabisa. Nenda na sensa ya zamani pamoja na namba ya chesisi, siyo jina la gari tu.

La pili ni nafasi. Sensa iliyo kabla ya masega ndiyo inayoongoza mafuta, na iliyo baada yake kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega bado yanasafisha moshi. Muulize fundi ni ipi hasa.

La tatu ni waya. Ukipewa sensa isiyo na plagi, ya kuunga mwenyewe, usiunge rangi kwa rangi. Kwenye Denso nyingi, waya mbili nyeusi ni za hita, bluu ni ya taarifa na nyeupe ni hasi yake. Kwenye Bosch nyingi, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya taarifa na kijivu ni hasi. Yaani nyeusi ya huku ni hita, nyeusi ya kule ni taarifa! Pia sensa nyingi huvuta ile hewa ya nje kupitia ndani ya waya zake, kwa hiyo usizichomelee kwa risasi wala kujaza grisi kwenye plagi. Ukipata yenye plagi yake, chukua hiyo.

La nne ni mpya au mtumba. Sensa huzeeka kwa masizi, majivu ya oili na silikoni, na uzee huo hauonekani kwa macho. Ya mtumba unaweza kuipima hita palepale dukani kwa mita: ikionyesha ohmu chache hadi kama 15, hita ni nzima, lakini kauri bado hujaipima. Ukinunua mpya, soma namba iliyochapwa kwenye sensa yenyewe. Boksi linaweza kuchapishwa na yeyote.

Wakati wa kufunga, grisi ya kuzuia kukwama ipakwe kwenye nyuzi tu, isiguse ncha. Kisha injini ikipata moto, mwambie fundi aangalie mashine. Sensa ya kawaida iliyo kabla ya masega inatakiwa kupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9.

Ukiiacha mbovu, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega hadi yanayeyuka, na masega ni ghali kuliko sensa. Na ile monoksidi ya kaboni inayotoka, kwenye foleni ya Msimbazi, anaivuta machinga aliyesimama pembeni ya dirisha lako.