Mgombea mwenza: kura moja, watu wawili

Ukiingia kwenye kituo cha kura unapewa karatasi moja ya urais, unaweka alama moja, unatoka. Lakini umechagua watu wawili. Katiba ya 2010 haikuruhusu kumtaka rais halafu umkatae naibu wake. Rais akifariki au akijiuzulu, naibu ndiye anamalizia muhula, na wewe hurudi debeni.

Unakumbuka Mei 2022? Ruto alimtaja Rigathi Gachagua tarehe 15, kesho yake Raila akamtaja Martha Karua. Mitandao ikawaka moto! Wengi waliamini Karua angemletea Raila kura za Mlima Kenya. Wapi! Hata Kirinyaga, kwao Karua, Ruto alishinda kwa mbali. Kwa hivyo msee akikuambia mwenza huja na kura za kwao kwenye gunia, mcheke kidogo.

Hata hivyo usimpuuze. Ruto alipata asilimia 50.49, na pengo kati yake na Raila lilikuwa kura 233,211 pekee. Kwa mbio za karibu hivyo, wachache waliovutwa au kufukuzwa na jina la pili wana uzito.

Halafu Oktoba 2024 Seneti ikamtimua Gachagua. Kithure Kindiki akateuliwa na Rais, Bunge likaidhinisha. Wewe hukuulizwa.

Basi 2027 wakikutajia mwenza, usianze na kabila lake. Uliza: huyu akiapishwa kesho kuwa rais, utapata usingizi?