Skrini ghali haitibu macho

Iwapo kazi yako ni kuchora mitindo kwa kompyuta katika kiwanda cha nguo cha EPZ Athi River, na jioni unacheza michezo ya kompyuta nyumbani, huenda umejiuliza: ninunue skrini yenye kasi au yenye rangi bora?

Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Za michezo hufikia 144 na zaidi. Kasi hiyo hulainisha mwendo wa picha. Rangi bora humfaa anayelinganisha vitambaa. Lakini usimalize mshahara ukidhani moja kati ya hizo itakuondolea maumivu ya kichwa.

Skrini nzito za zamani zilimetameta na kuchosha macho zilipokuwa na kasi ndogo. Nyingi za kisasa hazina kasoro hiyo. Shida ni kwamba ukikodolea skrini, unapepesa macho mara chache, nayo hukauka.

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Pepesa macho. Maumivu yakizidi, kapimwe: huenda unahitaji miwani tu.